Shuka la Mikono ya Buluu

Je, umewahi kusimama mbele ya mashine, ukaiwekea kidole ulichozaliwa nacho, nayo ikakujibu kwamba hapo hakuna mtu?

Bibi Povu aliambiwa hivyo asubuhi moja ya mwisho wa mwezi, ndani ya ofisi ya hifadhi ya jamii, mbele ya watu waliojaa kwenye mabenchi mpaka mlangoni. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo tu, yatoshana na kipande cha sabuni ya kuogea, nyeusi, ina kioo juu na kitaa pembeni. Ukiweka kidole kitaa kikawaka kijani, umesomeka, unasogea dirisha la pili kuchukua pensheni yako ya uzee. Kikiwaka chekundu hujasomeka, na asiyesomeka halipwi. Ndivyo ilivyobandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, na pembeni pamechorwa mzee anayecheka.

Kwa Bibi Povu kiliwaka chekundu.

"Futa kidole, bibi," akasema karani, kijana mpole ambaye tai yake ilikuwa fupi, imefika juu ya kitovu ikachoka.

Bibi akafuta kidole kwenye gauni. Chekundu. Akajaribu gumba, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Karani akatoa kichupa cha mafuta kwenye mtoto wa meza, akampaka vidole kimoja kimoja kwa adabu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Chekundu.

"Bibi, mashine haikuoni."

"Wewe si unaniona?"

"Nakuona, bibi."

"Basi iambie."

Mabenchi yakacheka. Nyuma yake alisimama wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mrefu aliyevunja mawe maisha yake yote mpaka watu wakamwita Kokoto. Akamsukuma Bibi Povu kwa nyonga.

"Pisha, wifi. Imeiona sura yako ikafumba macho. Sasa ngoja ifumbue." Akaweka kidole. Kitaa kikawa chekundu kama jicho la mgonjwa.

"Naona imezimia kwa uzuri," akasema Bibi Povu.

Akafuata Fundi Mwashi, mzee aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na hata ukuta wa ofisi hiyo hiyo ulikuwa wa mikono yake. Chekundu. Mzee akautazama ukuta, akaitazama mashine, akasema taratibu, "Kumbe nimejenga nyumba ya kunifungia nje."

Karani akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba mashine husoma mistari midogo iliyo kwenye ncha za vidole. Wengine mistari yao imelika. Sabuni inaila, mawe yanaila, saruji ndiyo kabisa. Sheria haikutaja njia nyingine. Akasema pole, na ilionekana neno hilo amelisema mara nyingi mpaka limemchosha mdomo.

Wakakaa baraza ya nje, watatu, kwenye ubao mmoja. Hasira ya wazee haidumu kama ya vijana. Huchoka njiani ikageuka mazungumzo.

"Mimi ningenunua miwani," akasema Kokoto. "Nimechoka kusalimia nguzo."

"Mimi ningeezeka upya," akasema Fundi Mwashi. "Fundi wa nyumba za watu, chumba changu kinavuja juu ya mto. Wewe je, shemeji?" akamgeukia Bibi Povu, mke wa marehemu rafiki yake.

"Langu lipo," akasema Bibi Povu.

"Lipi?"

"Likifika nitalisema."

Hakulisema, kwa sababu aliliona aibu. Mwenzake anataka miwani, mwingine bati, yeye aseme lile lake? Wangesema uzee umempanda kichwani. Akalimeza, akaondoka kwenda kwenye mabeseni yake.

Alikaa chumba kimoja mwisho wa korido, dirisha linatazama uani, na uani ndiko ilikokuwa kazi yake. Palikuwa na jiwe la kufulia lililolambwa na sabuni mpaka katikati likafanya bonde, na mabeseni matatu, la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Kamba ya kuanikia ilikatisha ua mzima, na vibanio vilikaa ndani ya kopo la maziwa. Hapo alikuwa amefua tangu binti yake akiwa mgongoni. Binti sasa ni mama wa watu, anashona sare za shule, na kila Jumapili akija alishika mikono ya mama yake, akaigeuza, akaona nyufa.

"Mama, acha kufua. Daktari amekukataza maji."

"Nikiacha nile nini, vibanio?"

Binti aliiachia mikono, maana cherehani yake yenyewe ilikuwa inalisha midomo mingi. Bibi Povu alijua kwamba hatakiwi kumwongezea mwanawe mdomo mwingine. Basi ilikuwa ni pensheni au beseni, hakuna la tatu. Na beseni lilianza kumshinda. Shuka zito hakuweza tena kulikamua peke yake. Alifunga ncha moja kwenye nguzo, ncha ya pili akaizungusha kwa kijiti, akipumzika katikati kama mtu anayepanda kilima.

Nguo zake mwenyewe alizifua mwisho kabisa, kwa maji yaliyobaki, jua likiwa limeishiwa nguvu. Kola za wateja zilisimama kama askari. Gauni lake lilikuwa na rangi ya maji ya tatu. Mganga hajigangi.

Wiki iliyofuata, tarishi wa ofisi ya hifadhi ya jamii akaingia uani na furushi kichwani.

"Shikamoo, bibi. Mapazia ya ofisi haya. Mkuu anasema yawe yamepigwa pasi Alhamisi asubuhi."

"Marahaba. Kuna harusi?"

"Kuna wageni. Kamati ya wabunge inapita kukagua. Wanataka kujua kama pensheni inawafikia wazee."

Kokoto, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa akimenya ndizi, akaacha kumenya. Tarishi alipotoka tu, akaisogeza ndoo karibu.

"Wifi, umesikia? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nimesikia."

"Mapazia yako mkononi mwako. Tuwaite wote waliokataliwa na ile mashine, kila mtu achovye mkono kwenye rangi, aupige kwenye pazia. Wageni wakiingia, wanakuta mikono yetu dirishani. Hakuna cha kusoma wala kuandika."

Bibi Povu alimtazama kama mtu aliyependekeza wachinje jirani.

"Wifi, mimi nimetoa madoa tangu usichana wangu. Chai, wino, lami, damu, grisi ya gereji. Leo nitie doa kwenye nguo ya mteja, kwa mkono wangu?"

"Mteja mwenyewe amekunyima haki yako."

"Yeye kaninyima. Pazia limenifanya nini?"

Kokoto akasonya, akamalizia ndizi yake. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Bibi Povu aliyaloweka mapazia, akayafua, akayasuuza, na muda wote huo midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alipokwisha kuanika, akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na shuka. Lilikuwa shuka lake, jeupe, pana, alilopewa alipoolewa, na halikuwahi kulaliwa na mgeni.

"Hili ni langu," akasema. "Hili nitalitia doa. Na rangi itakuwa buluu ya kufulia, hii hii tunayotia kwenye nguo nyeupe zing'ae. Ukiikoroga nzito inaonekana vizuri. Na siku tukishinda, inatoka kwa maji ya kwanza."

Yashike maneno hayo ya mwisho.

Siku zile mbili kabla ya Alhamisi mtaa ulichangamka kama nyumba yenye mtoto mchanga. Kokoto alibeba beseni la buluu, Fundi Mwashi alibeba shuka begani, na Bibi Povu alitangulia kubisha hodi. Kila mlango walieleza jambo lile lile: mashine haituoni, kamati inakuja, kidole kimoja hakivunji chawa, lete mkono. Walidhani wapo wachache. Kumbe kila korido ilikuwa na wake.

Mpishi wa mgahawa, aliyegeuza sufuria za moto mpaka vidole vikawa kama mbao, alitoka akiwa bado ameshika mwiko. "Mimi niliambiwa nirudi nikipona," akasema. "Sasa sijui napona ugonjwa gani." Akachovya, akapiga mkono wake katikati kabisa ya shuka, pa.

Msuka kamba alitaka kujua kwanza kama atadaiwa.

"Utadaiwa mkono tu," Kokoto akamwambia, "na nao tunakurudishia hapo hapo."

Mama mmoja aliyemlea mwanawe asiyeweza kutembea aliuliza kama na yeye anaruhusiwa, maana yeye si mzee, ila mashine imemkatalia posho ya mtoto. Fundi Mwashi akamtandikia shuka juu ya meza ili asihangaike kuinama na mtoto mgongoni. Mtoto naye akachovya. Mkono wake ukakaa kando ya mkono wa mama yake kama kifaranga.

Mwisho wakafika kwa Dobi wa Kona. Huyu alikuwa na kibanda cha kufulia chenye kaunta na benchi, na tangu miaka hiyo yeye na Bibi Povu waligombea wateja. Bibi alisema Dobi anaunguza kola. Dobi alisema Bibi anaimaliza nguo kwa kuisugua mpaka mwenye nguo anabaki na vifungo. Hawakuwahi kununiana hata siku moja, ila hawakuwahi kusifiana pia.

Dobi alilichunguza shuka akiwa ameinua nyusi. "Limefuliwa na nani hili? Naona lina ukijivu."

"Ukijivu uko kwenye macho yako," akasema Bibi Povu. "Mashine ilikuona?"

Dobi akashusha nyusi. Akanyoosha mkono, na ncha za vidole zilikuwa laini, zinameremeta, sawa na za Bibi Povu. Bibi Povu akamsogezea beseni. Kisha Dobi akachovya mkono mpaka kwenye kifundo, akaupiga kwenye pembe ya shuka na kuukandamiza kwa uzito wake wote.

"Wangu utakuwa wa mwisho kufutika," akasema.

Jumatano jioni shuka lilikuwa limejaa. Mikono mikubwa, midogo, mmoja usio na kidole cha mwisho, yote ya buluu. Walilikunjua uani wakalitazama, na Fundi Mwashi, asiyependa maneno mengi, akasema, "Ukuta huu umesimama." Bibi Povu akaliweka kwenye kiti karibu na mlango lisisahaulike asubuhi, juu ya mapazia yaliyopigwa pasi, akalala usingizi mtamu.

Mazoea yana taabu. Kulipopambazuka Bibi Povu alitoka uani kama alivyotoka asubuhi zote za maisha yake, macho nusu, akiimba wimbo usio na maneno. Mikono yake ikaona kitu cheupe chenye madoa kwenye kiti. Nasema mikono, kwa sababu kichwa kilikuwa bado kitandani. Mikono ikalichukua, ikalizamisha, ikalipaka sabuni, ikalifikicha kwenye bonde la jiwe. Povu likapanda mpaka viwikoni. Ikafunga ncha moja kwenye nguzo, ikakamua kwa kijiti. Alikuwa ameshalitundika kwenye kamba, kibanio cha pili kikiwa mdomoni, ndipo kichwa kilipowasili.

Kibanio kikaanguka.

Kokoto aliingia dakika hiyo hiyo, amevaa gauni lake la sherehe, na Fundi Mwashi nyuma yake amevaa kofia.

"Wifi, shuka liko wapi?"

Bibi Povu akaonyesha kamba kwa kidevu.

"Siulizi la mteja. Nauliza letu."

"Ndilo letu."

Kokoto alilizunguka shuka, akalifunua upande wa pili, akarudi. "Mikono iko wapi?"

"Imetoka."

"Imetoka imekwenda wapi?"

"Imetoka, wifi. Nimeifua."

Kokoto akakaa kwenye ndoo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bibi Povu, aliyekuwa amejishika kichwa kwa mikono yenye povu, alidhani wifi analia. Hakuwa analia. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakateleza, kisha sauti ikaja, ikaamsha korido nzima.

"Mashine ilitufuta," akasema alipopata pumzi, "lakini haikututia sabuni."

"Hata mmoja haukubaki?" akauliza Fundi Mwashi, akisogeza uso karibu na kitambaa.

"Hata mmoja," akasema Bibi Povu, na ingawa machozi yalikuwa yanamlenga, kulikuwa na majivuno kidogo ndani ya sauti. "Hata wa Dobi."

Fundi Mwashi akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Ukuta ukianguka, fundi hakai chini kulia matofali. Shuka lipo. Buluu ipo. Na mikono sidhani kama kuna mtu ameiacha nyumbani. Shemeji, shika kamba na vibanio, twende tukajenge huko huko."

Basi wakaenda. Bibi Povu kwanza alikabidhi mapazia, akahakikisha yametundikwa vizuri, na marinda yameanguka sawa, maana kazi ni kazi. Kisha akatoka barazani, akafunga kamba yake kati ya nguzo mbili, akatundika shuka lililokuwa bado bichi. Beseni la buluu likawekwa chini yake.

Mkuu wa ofisi akatoka mbio, karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa kutoka jasho.

"Bibi, hapa ni ofisi ya serikali, si uani kwako."

"Najua, mkuu. Uani kwangu hawaji watu wengi hivi."

Watu walikuwa wengi kweli. Waliokuja kujaribu tena vidole vyao, na waliopiga mikono jana na juzi wakaja kuiona mikono yao mbele ya wakubwa. Waliliona shuka jeupe wakaanza kuulizana. Habari ya kufuliwa ikapita benchi hadi benchi, na kila ilipofika, kicheko kikaripuka. Gari la kamati likaingia katikati ya kicheko.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, ana miwani na viatu vya kutembelea. Mkuu akampokea, akamwelekeza ndani, akataja mapazia. Mama akasimama barazani.

"Na hili shuka?"

Mkuu akafungua mdomo, lakini Bibi Povu alikuwa ameshasogea. Akafuta mikono kwenye gauni. Alizoea kuzungumza na wakubwa kupitia mashati yao.

"Mheshimiwa, hayo yalikuwa malalamiko yetu. Leo asubuhi nimeyafua kwa bahati mbaya."

"Malalamiko gani yanatoka kwa sabuni, mama?"

"Ya kwenye shuka yametoka, mheshimiwa. Ya kwenye mikono ndiyo yamegoma." Akanyoosha viganja vyake.

Mwenyekiti alikishika kidole kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki sahanini. Akamtazama karani mlangoni.

"Ni kweli mashine inawakataa watu hawa?"

Karani akaitupa tai yake begani kama mtu anayejiandaa kufagia. "Ni kweli, mheshimiwa. Nawajua kwa sura, nawajua mpaka wajukuu zao, lakini siruhusiwi kuwajua. Niliripoti. Nikajibiwa ninunue mafuta mazuri zaidi."

Hata mkuu alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa.

"Basi yarudisheni hayo malalamiko," akasema mwenyekiti, "niyaone yakiandikwa."

Bibi Povu akachovya. Mkono wake ukawa wa kwanza, chini kulia, mahali anapoanzia kusugua. Kokoto akafuata, akapiga juu kabisa kwa sababu ya urefu wake. Fundi Mwashi, mpishi, msuka kamba, mama na mtoto wake. Dobi wa Kona alifika akihema, ameacha pasi yake kwa jirani, akaanza kuutafuta mkono wake pembeni.

"Uko wapi wangu?"

"Nimeutoa," akasema Bibi Povu. "Haukuwa mgumu."

Dobi akapiga mwingine, kwa nguvu zaidi. Kisha mabenchi yakainuka. Watu ambao hawakuwa wamefikiwa hata mlango walijipanga wenyewe, wazee kwa fimbo zao, mmoja akibebwa na mwanawe. Wakaeleza huku wakichovya: aliyechimba visima, aliyefuma majamvi, aliyesugua sakafu za hospitali. Mikono waliyoikusanya majumbani ilikuwa michache mbele ya hii. Shuka likajaa, wakageuza upande wa pili. Upepo ukalipuliza, na mikono yote ikawa inapunga.

Kokoto akamnong'oneza wifi yake, "Mungu akupe maisha marefu na usahaulifu wako. Shuka la jana wangelitazama wakapita."

Mwenyekiti alikaa hapo mpaka wa mwisho. Kabla ya kuondoka akasema hatawadanganya. Kamati haina mdomo mmoja, na sheria haibadiliki kwa siku moja. Akaomba alichukue shuka.

"Mheshimiwa, piga picha," akasema Kokoto. "Shuka litabaki. Litakuwa hapa kila siku ya malipo mpaka urudi."

Mkuu, akiwa hana la kufanya, alitoa leso yake kuwapa watu wafutie mikono. Kesho yake tarishi aliileta kwa Bibi Povu ikafuliwe.

Na kweli halikuwa la siku moja. Kila siku ya malipo wazee walifunga kamba barazani, wakatundika shuka, wakakaa chini yake wakipiga soga. Shuka lenyewe lilihifadhiwa kwa Kokoto, ndani ya sanduku lenye kufuli, na Bibi Povu alikatazwa kuligusa. "Tunakupenda, wifi, lakini mikono yako hatuiamini." Picha ikasambaa. Wafuaji wa miji mingine wakatundika ya kwao, wengine kwa masizi, wengine kwa chokaa. Mkutano mmoja wakaitwa kueleza, mwingine wakajialika wenyewe. Siku nyingine walirudi wamekata tamaa, miguu imevimba, wakaapa hawaendi tena, na mwezi ulipoisha wakaonana barazani kila mmoja akijifanya amepita tu.

Mvua zilikuja zikaondoka. Kisha asubuhi moja karani akaonekana uani kwa Bibi Povu, bila tai, anakimbia.

"Bibi, imepita. Kanuni mpya. Asiyesomwa na mashine atalipwa kwa picha yake na mashahidi wawili wanaomfahamu. Na miezi yote mliyokataliwa italipwa. Na posho za watoto vilevile."

Bibi Povu alikuwa na shati la mtu mkononi. Alilisuuza kwanza, akalitundika. Ndipo akakaa kwenye jiwe lake, kwenye lile bonde, akacheka peke yake kama msichana aliyechumbiwa.

Siku ya malipo Kokoto na Fundi Mwashi walisimama kuwa mashahidi wake.

"Mnamfahamu mama huyu?" akauliza karani, kwa sababu kanuni ilimtaka aulize.

"Simfahamu," akasema Kokoto. "Namfahamu mmoja anayefua ushahidi, lakini yule ni mzuri kidogo kuliko huyu."

"Tunamfahamu," akasema Fundi Mwashi. "Andika, mwanangu, kabla huyu hajatuharibia."

Bibi Povu alipokea pensheni yake, akaifunga kwenye pindo la kitambaa, akakifunga kiunoni. Kokoto aliagiza miwani yake siku hiyo hiyo. Fundi Mwashi akaenda kuulizia bati. Wote wawili wakamrudia.

"Haya, shemeji. Lako limefika. Liseme."

"Nifuateni."

Alipita chumbani kwake, akatoka na furushi dogo kichwani. Wakamfuata hadi kwenye kibanda cha Dobi wa Kona. Dobi alikuwa anapuliza mkaa wa pasi. Alipomwona akaegemea kaunta, mikono kifuani.

"Umekuja kunipeleleza? Au umeacha kazi yako unataka niajiri mzee?"

Bibi Povu akalishusha furushi kwenye kaunta, akalifungua. Magauni yake mawili, kitambaa cha kichwa, foronya moja, vyote vya rangi ya maji ya tatu. Dobi akavitazama, akamtazama yeye, na utani ukamtoka usoni.

"Za mteja gani hizi?"

Bibi Povu akavuta benchi, akakaa. Akaweka mikono yake mikavu juu ya magoti, mmoja juu ya mwingine, kama wanavyokaa wateja.

"Zangu," akasema. "Tangu nimeshika beseni la kwanza nimefulia watu, na hakuna mtu aliyewahi kunifulia mimi. Nilikuwa naona aibu kulisema, maana wenzangu wanataka bati na miwani. Lakini ndilo nililolitaka siku zote. Nataka kufuliwa. Maji safi, ya kwanza, si yaliyobaki. Zitiwe buluu, zipigwe pasi, nikabidhiwe zimekunjwa. Nami nitakaa hapa hapa nikutazame, na kola, Dobi, naomba usiziunguze."